Sura ya Sita: Chupa Moja, Pakiti Kumi na Mbili

Tarehe 27 Desemba 2024, Wakenya wengi wakiwa bado ushago wakimalizia nyama ya Krismasi, sheria ya kurekebisha sheria za ushuru ilianza kutumika. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa umeangushwa mwezi Juni na vijana waliojaa barabarani, Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Lakini vipengele vyake kadhaa havikufa. Vilirudi Desemba vikiwa ndani ya sheria yenye jina jingine. Waliojaliwa kuisoma waliisoma wakitafuta yanayogusa mshahara, pensheni na simu. Mistari michache kuhusu nikotini ilipita hivi hivi, bila wa kuuliza.

Mistari yenyewe inasema hivi. Ushuru wa bidhaa kwa sigara, ziwe na kichungi au zisiwe nacho, ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000. Ushuru wa kimiminika cha nikotini kinachotiwa kwenye sigara za kielektroniki, yaani vepu, umepanda kutoka shilingi 70 hadi shilingi 100 kwa kila mililita.

Sasa tupige hesabu. Sigara moja inatozwa shilingi 4 na senti 10, kwa hiyo pakiti ya sigara 20 inatozwa shilingi 82. Chupa ya juisi ya vepu, ile ndogo ya mililita 10 inayopotea kiganjani, inatozwa shilingi 1,000. Gawanya elfu moja kwa themanini na mbili. Chupa hiyo moja imebeba ushuru wa pakiti 12 za sigara, na bado zinabaki shilingi 16.

Mtu atasema chupa na pakiti si vitu vya kulinganishwa, kwa sababu chupa haiishi kwa siku moja. Ni kweli. Tuhesabu basi kwa siku. Mvutaji wa vepu anayemaliza mililita mbili na nusu kwa siku si mlafi. Wapo wanaovuta zaidi ya hapo. Huyo serikali inamtoza shilingi 250 kwa siku. Jirani yake anayemaliza pakiti nzima ya sigara, kuanzia ile ya alfajiri hadi ya mwisho kabla ya kulala, anatozwa shilingi 82. Ukimpa mtu karatasi yenye hesabu hii bila majina ya bidhaa na kumuuliza ni ipi kati ya hizo mbili inayoua zaidi, atanyooshea kidole ile ya 250. Atakuwa amekosea, na mbali sana.

Ushuru wa sigara siupingi. Tena naona ni mdogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ushuru wa bidhaa ufike walau asilimia 70 ya bei ya rejareja ya sigara, na Kenya bado iko chini ya kiwango hicho. Miongo kadhaa ya utafiti imeonyesha kwamba bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, uvutaji hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na kwa takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hakuna bango, wala picha ya pafu lililooza, wala hotuba ya waziri iliyowahi kufanya kazi kama hiyo. Bei inasikika hata kwa asiyetaka kusikia.

Na hapo ndipo lilipo tatizo la ushuru wa vepu. Kama bei ya juu inamfukuza mtu kwenye sigara, bei ya juu itamfukuza mtu kwenye vepu vilevile. Huwezi kuiamini kanuni hiyo upande mmoja na kuikana upande wa pili. Swali linalobaki ni moja: akifukuzwa huko, anakwenda wapi?

Simama jioni karibu na kibanda chochote cha Nairobi, Kisumu au Mombasa, mahali penye steji ya matatu. Dirishani kuna nondo, na kwenye nondo moja kumefungwa kibiriti cha gesi kwa uzi ili kisiondoke na mteja. Ndani, kando ya peremende na kadi za simu, pakiti ya sigara imekwisha kufunguliwa. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na muuzaji anaivunja sheria hiyo kila siku bila kujali. Makanga anaweka sarafu, anachukua yake, anauvuta ule uzi, anawasha, anapiga pafu mbili kabla gari halijajaa. Hajatumia hata dakika moja. Hakuulizwa umri wala jina. Kesho atafanya hivyo tena, mara tano, mara kumi, na kila mara atatoa sarafu tu, hatatoa noti.

Hiyo ndiyo sigara inayoshindana na vepu. Vepu inadai fedha nyingi kwa mpigo mmoja: kifaa, chaja, chupa ya juisi. Sigara inajigawa vipande vidogo kulingana na mfuko wa siku. Hata bila ushuru wowote, mtu wa kipato cha kibarua angeona vepu ni ya matajiri. Ukiongeza shilingi elfu moja juu ya kila chupa, umemfungia mlango na kumwachia dirisha la kibanda.

Utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliwakuta wanaume 19 katika kila 100 nchini Kenya wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Waliovuta walikuwa takriban 15 kati ya wanaume 100, na kwa wanawake hawakufika hata mmoja kamili. Kwa viwango vya dunia hizo si namba za kutisha, na wapo wanaosema kwamba kwa kuwa wavutaji ni wachache, hatuna haja ya kuhangaika na vepu. Tuzifungie nje na mambo yaishe. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wavutaji hao wangekuwa wamekwisha kuacha. Hawajaacha. Ni zaidi ya milioni moja, baba, wajomba na kaka, na wengi wao wamejaribu kuacha.

Aliyewahi kuishi na mvutaji aliye kwenye arosto anajua hali hiyo haihitaji kuelezwa: mikono haitulii, usingizi haupo, neno dogo linageuka ugomvi. Kinachomtesa ni kukosa nikotini. Kitakachomuua akirudia sigara ni kitu kingine, na kutenganisha vitu hivyo viwili ndiyo elimu yote ya jambo hili.

Ncha ya sigara inayowaka hupita joto la digrii 800 za Selsiasi pale mtu anapovuta. Katika joto hilo jani la tumbaku halitoi nikotini tu. Linatoa kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kuna lami inayogandamana kwenye mapafu. Kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni katika damu na kuuchosha moyo. Haya yote yanatokana na moto. Nikotini imo humo kama dereva aliyeshika usukani: ndiyo inayomrudisha mtu kibandani kila baada ya saa moja, lakini si yenyewe inayotia uvimbe kwenye koo.

Vepu haina moto. Ina betri, waya mdogo uliosokotwa unaopashwa joto, na pamba iliyoloweshwa juisi. Juisi hiyo ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, gliserini ya mimea, vionjo, na nikotini. Waya ukipata joto, juisi inageuka mvuke. Hakuna jani linaloungua, kwa hiyo hakuna lami, na kaboni monoksaidi haipo kwa kiasi cha kuhesabika. Je, mvuke huo ni safi? Hapana. Maabara zimekuta humo chembechembe za metali na kemikali kama fomaldehidi, kwa viwango vilivyo chini sana ya vile vya moshi, hasa kifaa kisipopashwa joto kupita kiasi. Mtu asiyevuta chochote hana sababu ya kuanza kuvuta mvuke, mjamzito hafai kuugusa, na chupa ya juisi ikiachwa mezani mtoto akainywa ni hatari ya kukimbilia hospitali.

Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London ndicho kilichotoa mwaka 1962 ripoti iliyoishtua Uingereza kwa kusema waziwazi kwamba sigara inaua. Si watu wa kuonewa shaka kwamba wanaipenda tumbaku. Mwaka 2016 chuo hichohicho kilitoa ripoti nyingine, kikasema madhara ya muda mrefu ya kuvuta mvuke hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya madhara ya kuvuta sigara. Mwaka mmoja kabla, idara ya afya ya umma ya England ilikuwa imetoa makadirio yanayofanana na hayo. Wako wanasayansi walioyapinga makadirio hayo, wakisema yalitegemea mno maoni ya jopo la wataalamu, na kwamba bidhaa yenyewe haijaishi miaka ya kutosha kuonyesha makali yake yote. Upinzani wao una msingi. Basi tuwape nafasi yao: tuseme asilimia 5 ni uongo, ukweli ni mara nne yake. Tufike asilimia 20. Bado hakuna hesabu itakayokufikisha mahali ambapo kitu chenye sehemu ya tano ya madhara kinastahili kutozwa kwa siku mara tatu ya sigara.

Na inasaidia kuacha? Mwaka 2019 Peter Hajek wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wavutaji 886 waliofika kwenye kliniki za kuacha sigara. Nusu walipewa dawa za kawaida za nikotini, yaani plasta za kubandika, ubani na kadhalika. Nusu walipewa vepu. Wote walipata ushauri nasaha. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameacha sigara kabisa ni asilimia 9.9 ya wale wa dawa za kawaida na asilimia 18 ya wale wa vepu. Kwa hiyo asilimia 82 ya kundi la vepu hawakufanikiwa, na wanaoipigia debe kama muujiza waikumbuke namba hiyo. Lakini karibu mara mbili ya dawa iliyozoeleka si jambo la kupuuza, na mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio ya aina hii kutoka duniani kote, yamefikia uamuzi unaoelekea hukohuko.

Sasa twende Minnesota, jimbo la baridi kaskazini mwa Marekani, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikopimwa mapema.

Minnesota lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kutoza ushuru sigara za kielektroniki.  Lilipanua tu maana ya bidhaa za tumbaku hadi vepu zikaingia ndani yake. Mwaka 2013 kiwango kikafika asilimia 95 ya bei ya jumla. Yaani duka likinunua kifaa kwa dola 10, serikali inadai dola tisa na nusu kabla mteja hajakiona. Nia ilikuwa njema. Waliotunga ushuru huo waliamini, kama wanavyoamini wengi wetu, kwamba kitu chenye nikotini ni kitu chenye nikotini.

Wachumi wanne, Henry Saffer, Daniel Dench, Michael Grossman na Dhaval Dave, walikuja baadaye kupima kilichotokea. Njia yao ni rahisi kuielewa hata kama hesabu zake ni ngumu. Walichukua takwimu za taifa za uvutaji kuanzia 1992 hadi 2015, wakaunda kutokana na majimbo mengine yasiyo na ushuru huo aina ya Minnesota ya pili, ya kwenye karatasi, iliyofanana na ile ya kweli katika mwenendo wa uvutaji kabla ya ushuru. Kisha wakatazama Minnesota hizo mbili zinavyoachana baada ya ushuru kuingia. Ile ya kweli ilibaki na wavutaji wengi kuliko ile ya karatasi, na walioacha walikuwa wachache zaidi. Kwa makadirio yao, watu wazima wapatao 32,400 zaidi wangeacha sigara Minnesota katika kipindi hicho kama wasingekumbana na ushuru huo.

Hebu tuikalie kidogo namba hiyo. Hawa si watu waliokataa kuacha. Ni watu waliofika kwenye kaunta, au waliokuwa njiani, bei ikawarudisha. Hakuna cheti cha kifo kitakachoandikwa kwamba marehemu alikufa kwa asilimia 95 ya bei ya jumla. Kitaandikwa saratani ya mapafu au moyo. Ndiyo maana ushuru mbaya wa afya ni vigumu kuuona. Wanaoumia hawajui waliumizwa na nini, na waliouweka wanaonyesha takwimu za vepu zilizopungua dukani na kupongezana.

Tafiti nyingine za Marekani zilizofuatilia mauzo ya madukani katika majimbo mengi zilikuta mwelekeo uleule: ushuru wa vepu ukipanda, mauzo ya vepu yanashuka na mauzo ya sigara yanapanda. Bidhaa hizi mbili ziko kwenye mizani moja. Huwezi kubonyeza upande mmoja ule mwingine usiinuke.

Hoja nzito zaidi ya wanaotaka ushuru huu ni watoto, nami siwezi kuipita mbio. Mzazi aliyefungua begi la shule akakuta kidude chenye rangi ya waridi kinachonukia embe hatulizwi na ripoti ya London. Ana haki ya kukasirika. Bidhaa hizi zimetiwa vionjo vya peremende na kufungwa kama vichezeo, na haiwezekani kwamba waliobuni sura hiyo walikuwa wanamfikiria mlinzi wa usiku wa miaka 50. Hapa Kenya tumeona mfano wa karibu. Mwaka 2019 kampuni ya sigara ya BAT ilileta vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vikiitwa Lyft, vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka 2020 waziri wa afya wakati huo, Mutahi Kagwe, akatamka kwamba usajili huo haukufuata sheria. Vijana walikuwa wamekwisha kuvijua. Anayeiamini sekta ya tumbaku kwa maneno yake mwenyewe hajasoma historia yake.

Lakini je, ushuru ndio unaomlinda mtoto huyo? Kundi jingine la wachumi wa Marekani lilifuatilia hasa vijana, likachapisha matokeo mwaka 2023. Waligundua kwamba ushuru wa vepu kweli hupunguza vijana wanaovuta mvuke. Waligundua pia kwamba huongeza vijana wanaovuta sigara. Mzazi atachagua lipi kati ya hayo mawili? Kidude cha embe kinachukiza, lakini mtoto aliyekiacha akaenda kusimama kwenye kile kibanda chenye kibiriti cha uzi, mahali asipoulizwa umri, hajaokolewa.

Kumlinda mtoto ni kazi ya sheria ya mauzo: umri wa miaka 18 na adhabu inayouma kwa muuzaji, marufuku ya matangazo, vifungashio visivyo na vikaragosi, kiwango cha juu cha nikotini, leseni inayoweza kunyang'anywa, umbali kutoka shuleni. Sheria yetu ya 2007 iliandikwa wakati vepu hazijafika, na mapengo yake yanajulikana. Hiyo ni kazi ngumu. Inataka maofisa wa afya wa kaunti wanaotembea, mahakama zinazosikiliza, na bajeti. Kuongeza shilingi 30 kwenye jedwali la ushuru ni kazi ya mchana mmoja. Nashuku ndiyo sababu tumechagua ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara mpakani ataliona haraka. Chukua kifaa cha kutupa chenye mililita 10 za juisi. Kikiuzwa mtaani kwa shilingi 1,500, wakati ushuru wa juisi peke yake ni 1,000, na juu yake kuna ushuru wa kifaa, forodha, VAT, usafiri, kodi ya duka na faida, basi piga hesabu mwenyewe. Ama mwenye duka anatoa sadaka, ama kitu hicho hakikupita mbele ya Mamlaka ya Ushuru. Kadiri ushuru unavyozidi kuachana na bei ambayo mteja anaweza kuilipa, ndivyo soko linavyohamia kwenye mifuko ya nailoni na jumbe za WhatsApp. Na kitu kilichopita gizani hakina anayekikagua. Hakuna anayejua juisi ina nikotini kiasi gani, au imetiwa nini kingine.

Mwaka 2019 Marekani ilipata somo la hilo kwa njia mbaya. Watu wenye afya walianza kulazwa wakiwa hawawezi kupumua. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamelazwa 2,807 na kufa 68. Magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba vepu zinaua, na kichwa hicho cha habari bado kinakaa akilini mwa watu wengi hapa kwetu. Uchunguzi ulipokamilika, mshukiwa mkuu alikuwa asitati ya vitamini E, mafuta yaliyotumiwa kuzimulia vibweta vya bangi vya soko la kichochoroni. Mshukiwa huyo hakutoka kwenye juisi ya nikotini ya dukani. Kama lipo funzo la ushuru katika mkasa ule, ni kwamba usiwasukume watu kwa muuzaji asiye na anwani.

Australia ilikwenda mbali kuliko ushuru. Ilizifungia vepu nyuma ya kaunta za famasia huku ikipandisha ushuru wa sigara hadi kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Magenge yakaingia katikati. Tangu 2023 maduka ya tumbaku ya Melbourne na vitongoji vyake yamekuwa yakichomwa moto katika vita vya kugombea soko hilo. Uganda, kwa jirani, ilipiga marufuku kabisa sigara za kielektroniki katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015. Sheria hiyohiyo inaruhusu sigara ya kawaida kuuzwa. Mvutaji wa Kampala anayetaka kuacha kwa kutumia vepu hana mahali halali pa kuinunua. Asiyetaka kuacha ananunua sigara yake bila kificho.

Msomaji makini ameanza kujiuliza kama sura hii haiisaidii ile sekta niliyoisema vibaya hapo juu. Nimejiuliza hivyo pia. Kampuni kubwa za sigara sasa zinauza vepu, na zinazungumza kuhusu kupunguza madhara kwa sauti ya wachungaji. Lakini tazama mizani ya faida zao hapa kwetu iko wapi: ni kwenye sigara, si kwenye vepu. Ushuru unaoifanya vepu isishikike kwa bei hauigusi pakiti hata kidogo. Unailinda. Kama ningekuwa nauza sigara Nairobi, ningelalamika hadharani kuhusu shilingi 100 kwa mililita, kisha nikifika nyumbani nisherehekee.

Njia ya kutoka si ngeni. Mwaka 2015 Frank Chaloupka, David Sweanor na Kenneth Warner waliandika katika jarida la tiba la New England kwamba ushuru wa bidhaa za nikotini ufuate hatari yake: kinachoua sana kitozwe sana, kisichoua sana kitozwe kidogo au kisitozwe ziada yoyote. Chaloupka na Warner wametumia maisha yao ya kazi kutetea ushuru mkubwa wa sigara. Si rahisi kuwaita vibaraka wa tumbaku. New Zealand imefanya karibu na hivyo. Sigara huko ni ghali mno kwa sababu ya ushuru, vepu hazina ushuru wake maalumu, na wanaovuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 16.4 mwaka 2011/12 hadi 6.8 mwaka 2022/23. Vepu peke yake haikufanya hivyo, na vijana wanaovuta mvuke huko ni wengi kuliko inavyopendeza. Lakini bei ziliwaonyesha wavutaji mlango ulipo.

Uingereza, iliyotangaza mwaka 2023 mpango wa kuwagawia wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia vya vepu, nayo imeamua kutoza. Bajeti ya Oktoba 2024 ilitangaza ushuru wa pauni 2.20 kwa kila mililita 10, kuanzia Oktoba 2026. Naona wamekosea, kwa sababu zote nilizokwisha kuzitaja. Hata hivyo, katika tangazo hilohilo walipandisha ushuru wa sigara kwa pauni 2.20 kwa kila sigara 100, ili pengo kati ya bidhaa hizo mbili lisizibwe. Na pengo lenyewe ni hili: pakiti ya sigara 20 huko inatozwa zaidi ya pauni 8 za ushuru wa bidhaa. Chupa ya mililita 10 itatozwa takriban robo ya pakiti moja. Yetu inatozwa pakiti 12.

Tukiuchukua uwiano huo wa Waingereza, wanaotoza kupita ninavyopenda, na kuuweka kwenye jedwali letu, robo ya shilingi 82 ni shilingi 20 na senti 50 kwa chupa. Ni kama shilingi 2 kwa mililita, mahali pa 100. Hazina itauliza pengo hilo litajazwa na nini. Litajazwa na sigara. Pandisha ushuru wa sigara moja kutoka shilingi 4 na senti 10 hadi shilingi 6, na kila pakiti itatoa shilingi 38 zaidi ya inavyotoa leo. Mauzo yatapungua kidogo, na kupungua huko ndiko tulikotaka tangu mwanzo. Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa hupokea maoni ya wananchi kabla ya kila bajeti kupitishwa, kwa maandishi au ana kwa ana, na mistari ya kurekebishwa kwenye jedwali hilo ni michache tu.